Magadi ya Wifi

Kabla sijaendelea, naomba kila mtu akumbuke kikombe alichonywea chai asubuhi ya leo. Usinitazame mimi, kitazame hicho kikombe. Kwa nje kinapendeza, kina maua, mkono wake haujavunjika. Sasa inama kidogo uchungulie ndani, kule chini kabisa. Mmenyamaza. Nilijua mtanyamaza.

Na najua akina mama mnachotaka kunijibu. Mchungaji, mimi vyombo naosha kila siku. Naam, unaosha, na sabuni unatia mpaka povu linamwagika nje ya beseni. Lakini ule weusi wa chini upo. Jana ulikuwepo na kesho utaukuta. Haukuingia kwa siku moja, jamani. Uliingia kidogo kidogo, kila asubuhi, na wewe ukiwa umekaa zako unafurahia chai yako na kiazi kitamu.

Basi nina mfano. Huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kutafutana kwa macho. Na majina ni ya kubuni. Kama humu ndani yumo anayeitwa hivyo, avumilie, leo ni zamu yake.

Kulikuwa na mama mmoja kule milimani, upande wa Tukuyu, kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo mvua ikianza kunyesha watu wanaisahau mpaka ikome. Tumwite Subilaga. Mume wake tumwite Ambakisye. Walikuwa watu wakarimu. Ukipita njiani kwenda sokoni unasikia, "Karibu chai." Ukirudi kutoka sokoni unasikia tena, "Karibu chai." Na chai ya kule si ya kuchezea, majani yanachemshwa mpaka yanakoma, ndipo maziwa yanafuata. Kwa hiyo vikombe vya Subilaga vikashika rangi. Niwaambie ukweli, ukarimu wake mwenyewe ndio uliomchafulia vikombe.

Siku moja akaja wifi yake. Naona akina mama mmejiweka sawa kwenye mabenchi. Neno wifi likitajwa hakuna anayesinzia. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Ambakisye, tumwite Tumpale. Alikuja na wenzake wa kikundi, wamependeza, wametoka kwenye mkutano. Subilaga akafurahi, akaleta chupa ya chai, akapanga vikombe mezani. Tumpale akakichukua chake kabla hakijamiminiwa, akakielekeza dirishani kwenye mwanga, akachungulia ndani.

"Wifi," akasema, "hiki mnanywea au mnapikia?"

Wageni wakacheka. Subilaga naye akacheka, kile kicheko cha kuwaficha watu kwamba umechomwa. Tumpale akakirudisha kikombe mezani, akasema ameshiba, asisumbuliwe. Wenzake wakanywa, yeye hakunywa.

Neno dogo hilo, si ndiyo? Wala halikuwa tusi. Lakini Subilaga alilala nalo na kuamka nalo. Alikwenda nalo shambani akichuma chai. Alikuja nalo kanisani, akaimba nalo sauti ya kwanza. Tangu siku hiyo hakumkaribisha wifi yake tena, na Tumpale, kwa kuwa ndiye mkubwa, hakutaka kwenda bila kukaribishwa. Miaka ikapita. Kwenye misiba walikaa kila mmoja upande wake wa turubai. Na Ambakisye, mwanamume wa watu, yuko katikati, huku mke, huku dada. Akifungua mdomo tu anaambiwa amechukua upande.

Sasa Ambakisye na Subilaga walikuwa na binti, Lusekelo, na Lusekelo akapata mchumba. Kijana mzuri, mwenye adabu, na binti anampenda haswa. Mshenga akaja na wazee wawili wa upande wa mwanamume. Wakakaribishwa, wakakaa, wakauliza habari za mvua na za mazao. Kisha mshenga akauliza, "Shangazi yuko wapi?"

Maana ukoo ule una utaratibu wake. Anayeingia chumbani kumwuliza binti kama amekubali ni shangazi, na anayetoka na jibu ni shangazi. Baba hasemi, mama hasemi. Jibu lisipotoka kwenye mdomo wa shangazi, halijatoka. Wazee wakasubiri, wakatazamana, wakanywa maji. Kisha mshenga akasimama na fimbo yake.

"Tutarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi," akasema kwa upole. "Tukimkosa shangazi tena, tutaelewa kwamba ukoo haujaturidhia."

Ni maneno ya heshima, lakini mnayaelewa. Lusekelo aliingia chumbani akalia mpaka mto ukalowa. Subilaga akamsikia kupitia ukutani. Na kinachoniuma mimi katika habari hii ni hicho, kwamba doa lilikuwa kwenye kikombe cha mama, na aliyekuwa karibu kupoteza mume ni mtoto.

Ambakisye akaenda kwa dada yake. Akamkuta anamenya viazi, akakaa chini kabisa, akaomba. Tumpale akaendelea kumenya. Mwishowe akasema, "Nitakuja, Ambakisye. Ni mwanangu yule. Lakini mwambie mkeo asihangaike na chai."

Hapo mwanaume mwenye akili angeyameza yale maneno ya mwisho njiani. Ambakisye aliyafikisha nyumbani yote kama yalivyo.

Subilaga akaacha alichokuwa anafanya. "Atainywa," akasema. "Atainywa hapa hapa, na kwenye vikombe vile vile."

"Si uazime vya jirani, mama Lusekelo?"

"Wifi anavijua vyombo vyangu. Nikiazima, atajua nimeona haya. Sitaki."

Unamwona huyo mama? Kiburi anacho, simtetei. Ila aibu anayo pia, na vyote viwili vilikuwa vinapigania kikombe kimoja. Akaanza kazi. Akasugua kwa waya wa masufuria, vikombe vikachubuka, weusi ukabaki. Akasugua kwa mchanga wa mtoni, weusi ukabaki. Akatia sabuni ya unga na maji ya moto, akaviacha vilowe toka asubuhi. Alipomwaga maji, weusi ulikuwa chini unamsubiri.

Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, akawa na semina ya akina mama huko jimboni, hakuweza kukosa, ndiye mweka hazina. Wakati wa chakula cha mchana akasikia wanawake wa jikoni wakizungumza, kwamba weusi wa chai dawa yake ni magadi soda. Subilaga hakungoja hata amalize wali wake. Akatoka nje, akapiga simu nyumbani.

"Baba Lusekelo, nenda dukani ukachukue magadi soda. Weka kwenye vikombe vyote, vikae hivyo hivyo mpaka nirudi kesho."

Lakini mtandao wa kule milimani mnaujua, unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Alichosikia Ambakisye ni hiki: dukani, soda, kwenye vikombe vyote, mpaka nirudi.

Akina baba, mseme kweli mbele za Mungu. Ungefanya nini wewe? Ambakisye alikwenda dukani, akanunua soda. Akachagua ya machungwa, maana aliona ni shughuli, lazima ipendeze. Lusekelo hakuwepo, alikuwa amekwenda kusukwa na angelala huko huko, hivyo hapakuwa na wa kumwokoa. Akavipanga vikombe vyote mezani jikoni, akavijaza soda mpaka juu, akavifunika kwa kitambaa cheupe. Akasimama akavitazama, akajisifu kidogo. Alijua mke wake akirudi ataona kwamba mume anaye.

Jumamosi karibu na adhuhuri Subilaga akaingia na mvua yake mgongoni. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua kitambaa. Sisimizi walikuwa wamefika kabla ya mshenga. Wengine wanatembea kwenye kingo za vikombe, wengine wanaogelea.

"Baba Lusekelo," akasema taratibu, "hiki ni nini?"

"Soda."

"Soda."

"Si ulisema soda? Nikakuchukulia ya machungwa."

Subilaga hakufoka. Angefoka, Ambakisye angejua la kufanya, angetoka nje. Alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akalia. Alilia kwa ajili ya binti yake, akalia kwa ajili ya ile miaka yote, na akalia kwa sababu wifi alikuwa njiani anakuja kuchungulia.

Akiwa bado analia, hodi ikapigwa mlango wa nyuma. Wageni hupita mbele, ndugu hupita nyuma. Tumpale aliingia kabla hajaitikiwa, amevaa gauni lake la Jumapili na mkoba mkononi, amefika mapema. Akasimama mlangoni. Akaona meza, vikombe, soda ya machungwa, sisimizi, mdogo wake anatazama ukuta, na wifi yake yuko chini anafuta machozi.

"Kuna nini hapa?"

Ambakisye akaeleza. Masikini, akaeleza yote, mpaka la kuchagua ya machungwa. Tumpale akasogea mezani. Akachukua kikombe kimoja, akamwaga soda kwenye ndoo, akachungulia ndani. Subilaga akakaza meno. Alijua neno la pili linakuja, na safari hii hakuwa na nguvu ya kucheka.

Tumpale akauweka mkoba wake juu ya gunia la mahindi. Akavua saa. Akaomba kanga, akajifunga kiunoni juu ya gauni lile. Lusekelo alikuwa ndiyo anaingia na nywele mpya, shangazi akamgeukia.

"Mwanangu, kimbia dukani. Usiseme soda, sema magadi soda, ile ya unga ya kupikia. Na limau. Chumvi ipo?"

"Ipo, shangazi."

Magadi yakaja. Tumpale akalowesha kitambaa, akakamua, akanyunyiza magadi kidogo, akasugua kwa kidole, taratibu, akizunguka chini ya kikombe. Hakutumia nguvu. Maji ya kahawia yakaanza kutoka. Pale palipogoma akakata limau, akachovya kwenye chumvi, akalizungusha pale pale, akasubiri kidogo, akasugua tena. Akasuuza kwa maji safi. Kikombe kikawa cheupe, jamani. Weupe ambao Lusekelo hakuwahi kuuona tangu azaliwe, maana yeye alidhani vikombe vya kwao ndivyo vilivyotengenezwa.

Subilaga akainuka kwenye kigoda. Akachukua kitambaa kingine, akasimama karibu na wifi yake, akaanza kusugua naye. Wakasafisha kikombe baada ya kikombe. Kisha Subilaga akauliza, kwa sababu isingewezekana asiulize.

"Wifi, haya umejifunza wapi?"

Tumpale alimaliza kikombe alichokuwa nacho, akakigeuza kichuruze maji.

"Kwa jirani yangu," akasema. "Vyangu vilikuwa vyeusi kuliko hivi. Alikuja kwangu, akaviona, hakusema kitu. Kesho yake akaja na magadi yake kwenye karatasi, akanionyesha."

"Lini hiyo?"

"Wiki ile ile niliyokuja hapa na wenzangu." Sauti yake ikawa ndogo. "Nilikuja vidole bado vinanukia limau, wifi. Nikachungulia kikombe chako, na dawa naijua. Ilikuwa hapa mdomoni. Nikakutolea kicheko."

Mnasikia hilo? Miaka yote ile, turubai zote zile, machozi ya binti, na dawa yake ni unga kidogo kwenye karatasi. Na yule mwanamke alikuwa nayo siku ile ile.

Subilaga aliacha kusugua. Hasira ilimpanda, mwacheni ipande, alikuwa na haki yake. "Miaka yote hii, wifi?"

"Miaka yote hii."

"Umenikosea."

"Nimekukosea sana. Nisamehe."

Subilaga akamtazama, gauni la Jumapili limerushiwa magadi mpaka kifuani, mikono imejikunja kwa maji. Akavuta pumzi. "Nimekusamehe," akasema. "Haya, maliza hicho cha pembeni, wageni wako njiani."

Nao wageni wakaja. Mshenga akaja na wazee wake, wakakaa, wakauliza tena habari za mvua. Vikombe vikatoka jikoni vyeupe, vinatazamika. Chai ikamiminwa, ile ile ya kukoma. Na Tumpale akanywa. Alikunywa mpaka mwisho mbele ya watu wote, akanyoosha mkono akaomba kingine, na Subilaga akammiminia mpaka kikafurika kwenye kisahani. Kisha shangazi akainuka, akaingia chumbani, akakaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na hakuwahi kumaliza sentensi yake. Alisema tu "Binti yetu ame-" na vigelegele vikamfunika. Majirani wakasikia wakaja mbio na mvua ile. Ambakisye akacheza, na hajui kucheza.

Sasa nisikilizeni, maana nimefika nilikokuwa nakuja.

Wote humu ndani, toka nilipoanza, mmekuwa mkijiona Subilaga. Nimewaona. Kila mtu amemkumbuka wifi yake, shemeji yake, mtu mmoja aliyemchungulia mbele za watu. Mlikuwa mnatikisa vichwa, mnasema, mchungaji leo amenisemea. Pole. Wewe si Subilaga. Wewe na mimi, sisi ndio Tumpale.

Sisi ndio tuliooshwa. Nani humu alizaliwa mweupe? Wewe baba uliyekaa mbele na tai yako, ulikuwa unatolewa kilabuni kwa mkokoteni, na yupo mzee alikuja kwako nyumbani jioni baada ya jioni, hakukucheka, akakaa na wewe mpaka kiu ile ikakuacha. Wewe mama mwenye sauti nzuri kwaya inakutegemea, mdomo wako ulikuwa unavunja nyumba za watu, na yupo aliyekuita pembeni akakuonyesha, taratibu, bila nguvu. Tulisuguliwa na mkono wa mtu. Mungu alimtuma na magadi kwenye karatasi.

Halafu anaingia kijana hapa mlangoni, ananuka pombe, ndiyo kwanza amethubutu. Anaingia binti ana mimba na hana pete. Tunafanya nini? Tunamwinua kwenye mwanga, tunachungulia. "Huyu naye?" Na dawa tunaijua. Vidole vyetu bado vinanukia. Kuliona doa la mwenzako hakukufanyi uwe msafi, ndugu yangu, kunaonyesha tu kwamba uliwahi kuwa nalo na unalijua sura. Kama unalijua kiasi hicho, kwa nini hukuleta limau?

Wala msitoke hapa na huzuni, sikuja kuwahuzunisha. Mfano wangu ulikwisha kwa vigelegele, na niliumaliza hivyo makusudi. Hakuna weusi niliousikia mimi ambao umemshinda Mungu wetu. Wa miaka mingi unatoka. Uliosuguliwa vibaya kwa waya mpaka ukachubuka, unatoka. Ule ambao watoto wako wanadhani ndiyo rangi ya nyumba yenu, huo nao unatoka, na mtoto wako ataishi aone weupe wake. Mimi nasimama hapa nikiwa na hakika hiyo kuliko hakika ya jina langu.

Kilichobaki ni mmoja wetu kuvua saa yake na kujifunga kanga juu ya gauni la Jumapili. Hutapoteza heshima. Tumpale aliingia jikoni akiwa mgeni wa kuogopwa, akatoka ndiye shangazi, na posa ikapita mdomoni mwake.

Nanyamaza sasa. Wakati nilipokuwa nasema, kuna mtu amekujia akilini. Umemfukuza, akarudi. Ndiye huyo. Tukitoka hapa usipite kwako kwanza, nenda kwake moja kwa moja, upite mlango wa nyuma, umwambie jinsi ulivyooshwa. Na kila anayekubali kwenda leo, aitikie amina.